Meza Yenye Mgongo

Wenzake wa chama cha wavuvi walipomwambia Deusarina kwamba fundi pekee aliyebaki mjini mwenye uwezo wa kujenga meza ya kubeba lile tangi la samaki ni Eronildes, alitema mate sakafuni, tena ndani ya banda, kosa ambalo yeye mwenyewe aliwafokea watu kila siku.

"Heri nilibebe kichwani."

"Lita mia sita?" aliuliza Nazilda, rafiki yake wa kuvua naye tangu wote wawili walipokuwa na meno yote. "Kwa shingo hiyo hiyo, au umeagiza nyingine Manaus?"

Watu wakacheka. Deusarina hakucheka. Alikuwa analitazama tangi lililolala katikati yao, kioo kitupu kirefu kama jeneza, limefungwa kwa magodoro mawili yaliyochakaa. Lilikuwa limepanda Mto Negro kwa meli ya abiria, zawadi ya muuza samaki mmoja wa Manaus, jiji kubwa mto unakoelekea, aliyefunga biashara. Zawadi! Mtu anachukua piaba wako, visamaki vya urembo visivyozidi kidole, maisha yake yote, anawapandisha ndege mpaka kwenye sebule za Wajerumani, halafu siku anafunga duka anakutupia kioo kitupu na wewe unatakiwa useme ahsante. Deusarina alikuwa amesema ahsante. Ilikuwa bado imemkwama kooni.

Na tangi alilihitaji. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Banda lile la bandarini, lililosimama kwa nguzo juu ya matope, lilikuwa la wavuvi wa piaba tangu enzi za baba zao. Baraza la bandari liliwapa kwa sharti moja: liwe banda la samaki hai. Sasa akatokea Queirós, mwenye hoteli ya watalii wanaokuja kuvua kwa starehe, wale wanaomvua samaki mkubwa, wakapiga naye picha, kisha wakamrudisha majini akiwa na mdomo uliochanika. Watu walimwita Daktari. Daktari wa nini, hakuna aliyejua. Queirós alilitaka banda aegeshe boti zake. Alikwenda barazani akasema wavuvi wa piaba wamekwisha, banda ni tupu, wamebaki popo na mabeseni. Baraza likaamua kuja kuona kwa macho yake, Jumamosi ya sikukuu ya samaki. Likikuta samaki hai, banda ni la wavuvi. Lisipowakuta, ni la boti.

Mabeseni yasingetosha. Queirós alikwisha kusema kwamba beseni la samaki mtu anaweza kuliazima asubuhi na kulirudisha jioni. Lakini tangi kubwa lililojaa, limesimama linaonekana toka mlangoni, nani angebisha?

"Nitajenga mimi," Deusarina akasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Marehemu mumewe, Ocivaldo, alikuwa fundi wa mashua, na kwa miaka yote ile ubao wowote aliokata ulikuwa na mikono ya Deusarina upande wa pili. Nyuma ya nyumba yake ilikuwa bado imekaa mashua aliyoiacha haijamalizika, mataruma yametokeza kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa kiu. Ilikuwa itauba tupu, mti mgumu usiojua kuoza. Na chini ya kitanda lilikuwepo sanduku la zana, na ndani ya sanduku randa ya baba wa Ocivaldo na mdogo wake, Eronildes. Eronildes aliidai randa hiyo siku ya mazishi ya kaka yake, akiwa amesimama nje ya ua, kwa sababu Deusarina hakumfungulia lango.

Hakumfungulia kwa sababu hakusahau. Watu wa mto ule wanasahau haraka mno, na ndiyo maana wanaonewa na watu wale wale, baba halafu mwana. Yeye alikumbuka mwaka wa mgomo. Mnunuzi wa wakati huo alikuwa na hesabu yake: samaki wakifa njiani, wamefia mikononi mwa mvuvi, wakifika hai, wamefika kwa uhodari wa mnunuzi. Wavuvi wakasema basi, hatutoi samaki hata mmoja. Piaba wakakaa kwenye vizimba vya wavu mtoni, wekundu na bluu, maelfu, na watu wakala unga mkavu wa muhogo bila kitoweo. Mnunuzi alikuwa ameshaanza kulegea. Ndipo mtumbwi mmoja ulipoteleza usiku hadi kwenye meli yake, umejaa mabeseni. Aliyepiga kasia alikuwa Eronildes. Asubuhi wengine walipoona mmoja ameuza, wakauza wote, na mnunuzi akawacheka usoni. Ocivaldo aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakumtamkia mdogo wake neno hata moja mpaka malaria ilipomchukua.

Sasa Eronildes alikuwa fundi wa boti za Queirós. Mtu hubaki alivyo.

Deusarina aliibomoa mashua ya mumewe kwa mikono yake. Alianza na mihimili ya sitaha, ndiyo iliyokuwa minene kuliko yote. Kila msumari wa shaba ulipolia kutoka kwenye mti, alisonya, kana kwamba Ocivaldo anambishia kutoka huko aliko. "Nyamaza," alimwambia. "Ungeimaliza nisingeivunja."

Meza aliijenga humo humo bandani. Alitaka ubao ukae juu ya ubao, uzito ushuke moja kwa moja kwenye miguu mpaka chini, pasiwe na msumari unaoning'iniza kitu. Miguu sita, minne pembeni na miwili katikati, kila mmoja umechongwa ulimi ukaingia kwenye tundu la mhimili. Kati ya mguu na mguu alipitisha mbao za mshazari ili meza isiyumbe mtu akiigonga na kiuno. Kisha akashuka chini ya banda, matope magotini, akasimamisha nguzo mpya chini ya kila mguu, kwa sababu sakafu ile ilikuwa ya kubeba mabeseni na wanawake wanene, si tangi. Nazilda alimshikia taa na kumsimulia uongo wa mjini.

Juu akapigilia mbao za itauba, akazipiga randa, akazipiga tena. Alichuchumaa mwisho wa meza, akafumba jicho moja, akaangalia kwa lile jingine kama alivyomwona Ocivaldo akifanya mara nyingi kuliko alivyomwona akisali. Imekaa. Akaweka pima maji katikati. Kiputo kikatulia mahali pake kama kimelala.

"Meza hiyo itatuzika sote," Nazilda alisema.

Ijumaa asubuhi Eronildes akaja.

Alisimama mlangoni amevaa fulana ya njano na nyeusi, rangi za kambi ya Diski, kwa kuwa mji mzima siku zile za sikukuu ulikuwa umegawanyika kambi mbili zenye majina ya samaki, nusu Diski, nusu Kardinali. Deusarina alikuwa na kanga ya bluu na nyekundu kichwani, rangi za Kardinali, na hata bila hiyo asingemkaribisha.

"Shemeji."

"Nyigu huyo ametokea wapi?" Deusarina alimuuliza Nazilda. "Funga dirisha."

"Nimesikia unajenga meli humu ndani, nikasema nije nione inazinduliwa lini."

"Umesikia au umetumwa?"

Eronildes aliingia bila ruhusa, akaizunguka meza, akapiga mguu mmoja kwa ngumi. Alipoiona randa juu ya mbao, mkono wake ulikwenda wenyewe. Deusarina akaiwahi, akaiweka kwapani.

"Ya baba yangu hiyo."

"Ya baba yako, na ya mwanawe mmoja. Yule mwingine alijiuza pamoja na samaki."

"Miaka yote hiyo, Deusarina! Nilikuwa na watoto wenye njaa."

"Na sisi tulikuwa na nini, paka?"

Nazilda akapiga kicheko kimoja kifupi, halafu akajifanya anaosha beseni.

Eronildes aliupitisha mkono juu ya meza, polepole, toka ncha hadi ncha. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, lile tabasamu lililomfanya Deusarina atamani kumpiga tangu siku ya harusi yake.

"Ina mgongo," akasema.

"Una mgongo wewe! Mgongo wa kuinamia matajiri."

"Hapa katikati. Umejenga sitaha, shemeji. Mvua ikinyesha humu ndani, maji yatakimbia vizuri sana. Kaka yangu angecheka mpaka..."

Hakumaliza. Patasi aliyoirusha Deusarina ilipita karibu na sikio lake ikachoma mwimo wa mlango. Eronildes aliitazama inavyotetemeka, akavaa kofia yake.

"Haya. Vunjeni kioo chenu," alisema, akashuka ngazi.

"Amesema nini kuhusu mgongo?" Nazilda akauliza.

"Amesema alichotumwa kusema. Lete maji."

Waliinua tangi wakiwa watu wanne kutoka chamani, wakaliweka, likakaa. Wakaanza kumimina maji ya mto, meusi kama chai ya rangi, ndoo kwa ndoo. Piaba walikuwa wanasubiri kwenye mabeseni. Deusarina aliyatazama maji yakipanda kwenye kioo na, japokuwa alikasirika kwa kufurahi, alifurahi. Maisha yake yote alikuwa amewaona samaki hawa kwa juu tu, migongo yao, katika maji ya msitu uliofurika. Leo angewaona ubavuni, kama Mjerumani.

Maji yalikuwa yamefika kama theluthi hivi, tangi likasema: tik.

Sauti ndogo tu, kama mtu kuvunja kijiti cha kuchokolea meno. Wote wakaganda na ndoo mikononi.

"Nini hiyo?" mmoja wao akauliza kwa kunong'ona.

Deusarina alipiga magoti. Alichana karatasi ya kalenda ukutani, akaisukuma chini ya kioo kwenye ncha ya kushoto. Ikaingia. Ikaingia mpaka vidole vyake vikagusa ubao. Akaenda ncha ya kulia: ikaingia. Katikati, haikuingia hata unyoya. Tangi zima, kioo chote kile na maji yake, lilikuwa limekaa juu ya tumbo la meza kama mtu aliyelala juu ya gogo, na ncha zote mbili zinaning'inia hewani.

Deusarina aliona kila kitu kwa mara moja. Fundi wa mashua hajengi kitu bapa. Sitaha lazima ibinuke katikati, kidogo tu, ili mvua isisimame, na mihimili ile Ocivaldo aliichonga hivyo kwa makusudi. Jicho lake mwenyewe lilikuwa limefundishwa hivyo: likiona mbinuko, linasema pamenyooka. Na pima maji akaliweka wapi? Katikati, juu kabisa ya mgongo, mahali pekee ambapo lisingemwambia kitu.

Kilichomchoma si kosa. Kilichomchoma ni nani aliyelisema.

"Toeni maji," akasema.

"Deusarina..."

"Toeni maji, hamsikii? Kabla kioo hakijapasuka!"

Walitoa maji, wakalishusha tangi kama wanamshusha mgonjwa. Nazilda alilichungulia kila pembe, akalipapasa kila ukingo. Lilikuwa zima. Alitaka kusema jambo, akauona uso wa mwenzake, akalimeza.

"Sema," Deusarina akamwambia. "Sema, utapasuka wewe badala ya kioo."

"Nilitaka kusema tu kwamba nyigu naye ana macho."

"Haya, umesema. Niletee uruku."

Nazilda akaleta bakuli la uruku, zile mbegu nyekundu za kupakia samaki wa kuchoma, zimepondwa na mafuta. Deusarina alitafuta jikoni kwake ubao ambao hakuna fundi wa mashua aliyewahi kuugusa: mlango wa kabati lililonunuliwa dukani, mnyoofu kama ukuta wa benki. Aliupaka uruku, akaulaza kifudifudi juu ya meza, akauinua. Katikati ya meza pakabaki doa jekundu. Hapo ndipo ulipokuwa mgongo. Akaliondoa doa kwa randa. Akalaza tena ubao: doa likatanuka. Akapiga randa. Itauba haina huruma. Ilimchana viganja, ikamjaza vumbi chungu puani. Kila alipousukuma mkono, alimtukana Eronildes, halafu Queirós, halafu mnunuzi wa zamani ambaye alishakufa, halafu, kwa sauti ya chini, Ocivaldo, aliyeyafundisha macho yake uongo mzuri namna ile.

Jua lilipoanza kuzama meza ilikuwa nyekundu yote, maana sasa ubao uliigusa kila mahali, toka ncha hadi ncha, kama imechinjiwa ng'ombe. Walilirudisha tangi. Karatasi ya kalenda haikuingia popote. Maji yakapanda, yakafika juu, na tangi likanyamaza.

Jumamosi ngoma za kambi zote mbili zilikuwa zinagombana mitaani tangu asubuhi. Baraza la bandari lilipanda ngazi za banda likiongozwa na mwenyekiti wake, Dona Perpétua, mwanamke mzito mwenye magoti mabovu aliyeichukia kila ngazi ya mji ule. Nyuma yake Queirós, shati jeupe, na nyuma ya Queirós Eronildes, na fulana yake ya njano na nyeusi.

Piaba walikuwa wamejaa tangini. Mkanda wa bluu na nyekundu ulikwenda, ukageuka, ukarudi. Hata Dona Perpétua alisahau magoti yake.

"Mwenyekiti," alisema Queirós, "nawaheshimu sana hawa akina mama na juhudi zao. Lakini tunazungumzia usalama wa watu. Tangi hili litaanguka, na sakafu itakwenda nalo. Si mimi ninayesema. Fundi wangu ameikagua meza, na kwa bahati ni mtu wa familia hii hii. Eronildes, waambie."

Deusarina alihisi mkono wake ukiililia patasi, lakini ilikuwa bado imechoma mwimo wa mlango; hakuna aliyefanikiwa kuing'oa.

Eronildes alivua kofia. Akatoa karata mfukoni, akapiga magoti, akaijaribu chini ya kioo, ncha ya kushoto, ya kulia, katikati. Akapiga kila mguu kwa ngumi. Kisha akashuka ngazi, wakamsikia chini ya sakafu, anahema na kugonga nguzo. Alikawia. Alipopanda alikuwa na matope hadi magotini.

"Haina mgongo," akasema.

"Jana uliniambia ina mgongo," alisema Queirós.

"Jana ilikuwa nao. Leo haina."

"Sikukuleta hapa kusema habari za leo. Sema nilichokutuma!"

Ngoma za nje zilisikika ghafla vizuri sana. Dona Perpétua aliyaondoa macho yake kwa samaki taratibu.

"Ulimtuma aseme nini, Daktari?"

Queirós alijishughulisha na kifungo cha shati lake.

"Leo Daktari kajiandikia dawa mwenyewe," alisema Nazilda kutoka nyuma, "na kainywa mwenyewe."

Watu waliangua kicheko. Dona Perpétua akainua mkono, akamgeukia Eronildes. "Itabeba?"

"Hii? Pandisha injini ya meli juu yake. Mpandishe na Daktari."

"Basi," alisema Dona Perpétua. "Nimeona samaki, wako hai, na mimi nina magoti. Banda ni la wavuvi. Nishikeni mkono nishuke."

Queirós alipita karibu na fundi wake, akamwambia bila kumtazama, "Jumatatu usijisumbue kuja."

Bandani kukawa shangwe, mtu akaleta uji wa ndizi, mtu akaleta kitu kikali zaidi. Eronildes alibaki amesimama peke yake karibu na meza, kofia mkononi. Deusarina alimwacha asimame mpaka alipotosheka, ndipo akamwendea.

"Nilikwambia jana," alisema Eronildes.

"Ulinitukana jana."

"Ningekwambia kwa upole, ungenisikia?"

Deusarina alilijua jibu.

"Umesema kweli kuhusu mbao," alisema. "Mbao hukuwahi kuzidanganya, hata Ocivaldo alikuwa analijua hilo. Lakini mgomo haukuwa mbao."

"Unataka nini sasa, nipige magoti?"

"Magoti umeshayapiga, nimeyaona. Umeipigia meza."

Eronildes aliitazama randa iliyokuwa juu ya benchi, ulimi wake bado mwekundu kwa uruku. "Basi nipe ile. Kazi nimepoteza. Nipe kitu cha baba."

"Haitoki humu." Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ukiitaka, utaifuata hapa. Wavuvi wana mitumbwi inayovuja, na chama hakina fundi. Lakini utakuja mchana. Utapita mlango wa mbele, watu wakikuona. Hujawahi kufanya hivyo, najua. Utajifunza."

"Na nikija, mtanisalimia?"

"Hapana."

Eronildes alivaa kofia yake akaondoka.

Jumatatu, jua likiwa limepanda, ngazi ya mbele ililia kwa uzito wa mtu. Deusarina alikuwa anawanyunyizia piaba chakula na hakugeuka. Alisikia hatua zikisita mlangoni, karibu na mwimo wenye patasi, halafu zikaingia, halafu zikafika kwenye benchi. Watu waliokuwa wanashona nyavu wakaacha kushona.

Nazilda akasogea karibu, birika mkononi. "Nimpe kahawa?"

"Mpe mtumbwi wangu kwanza," Deusarina akasema. "Unavuja."